Miaka ya Kola

Ukimuuliza mtu kazi yake, mara nyingi hukujibu kwa neno moja: dereva, muuguzi, mwashi. Mwanamke huyu alikuwa na maneno mawili, na lililo zuri halikuwa la kweli. Nyumbani walimwita Fundi. Kiwandani walimwita Kola.

Kiwanda kilitengeneza mashati ya kiume, na kazi yake ilikuwa kola. Vipande vilimfikia vimekatwa tayari, vimefungwa mafungu kwa uzi, kila fungu na saizi yake. Alishona pande tatu, akapunguza pembe kwa mkasi, akageuza nje ndani, akachokoa ncha kwa kijiti alichokichonga mwenyewe, akapitisha mshono wa juu na kutupa kwenye kapu. Kapu likijaa, mtu wa mkokoteni alilichukua na kulipitisha kwenye mlango wa mpira uliotenganisha ukumbi wake na ukumbi wa pili. Huko mikono na vifua vilikutana na kola zake. Yeye hakuwahi kuona vikikutana. Watu wa kola hawakuruhusiwa kuvuka ule mlango, wasije wakapoteza muda wakipiga soga na watu wa mikono.

Nimepita viwanda vya nguo katika nchi kadhaa, na neno la fundi wa nguo huwa miongoni mwa maneno ya mwanzo ninayojifunza katika kila lugha, kwa sababu msafiri huchanika. Sijakuta bado lugha yenye neno la mtu anayejua kola tu. Na watu hao wako kila mahali.

Uongo wake haukuanza kama uongo. Alipoachana na mumewe alikwenda kukaa kwa dada yake, na mume wa dada yake, yaani shemeji yake, alikuwa kinyozi. Kinyozi asiye na maneno hafungui duka. Siku ya kwanza tu shemeji alimtambulisha kwa wateja: "Huyu ndiye shemeji yangu, fundi wa mashati. Mashati yote mnayoyaona madukani, mkono wake umepita humo." Mkono wake ulikuwa umepita humo kweli, kwa kiasi cha shingo. Akatabasamu, akanyamaza. Mwaka ukapita, ukapita mwingine, na ule unyamavu ukawa umekomaa kiasi kwamba kuuvunja kungekuwa aibu kuliko kuuacha.

Kwa muda mrefu jambo hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua kilitokea kwenye foleni ya zahanati, alipokwenda kutibiwa jino. Mbele yake alisimama mwanamume mnene na mkewe, na shati la mwanamume lilikuwa la kiwanda chake. Aliijua kola. Aliijua kwa jinsi ncha ya kushoto ilivyokaa kali kidogo kuliko ya kulia, kwa kuwa ndivyo kijiti chake kilivyozoea kuchokoa. Kabla hajafikiri, kidole chake kilikuwa shingoni mwa yule mtu.

"We mama! Vipi?" mwanamume akaruka.

"Samahani. Ni kola yangu."

"Kola yako? Shati nimelinunua kwa hela yangu!"

Mkewe akageuka taratibu. "Hebu nieleze vizuri, kola yako kivipi?"

Foleni nzima ikacheka, na maumivu ya jino yakapotea kwa aibu. Lakini alichokwenda nacho nyumbani hakikuwa aibu. Shati lilikuwa limembana yule bwana tumboni, vifungo vimevutana, na nyuma lilikuwa limepanda juu ya mkanda. Kola yake nzuri ilikaa juu ya balaa lile kama kofia mpya juu ya nyumba inayovuja. Kwa mara ya kwanza alifikiri kwamba shati lina mtu ndani yake. Tangu siku hiyo akatamani, bila kumwambia mtu, kukaa mahali ambapo kazi inaanzia kwa mtu na kuishia kwa mtu.

Kutamani ni kitu kimoja. Mshahara ulikuwa unaingia, akabaki.

Kisha kiwanda kikafungwa. Hapakuwa na kishindo. Asubuhi walikuta malori yamepangwa uani na vyerehani vinapakiwa, msimamizi akawapa mikono mmoja mmoja kama msibani, wakatawanyika.

Habari za kukaa kwake nyumbani zilienea mtaani, na majirani wakafurahi kwa ajili yao wenyewe. Mmoja alileta kitambaa cha shati la mwanawe. Mwingine alileta kitambaa cha mashati ya kwaya nzima. Alisema cherehani ya dada yake ina hitilafu. Wakamletea fundi wa vyerehani. Alisema macho yanauma. Wakamletea miwani ya bibi yao.

"Mimi sikuelewi," dada yake alimwambia wakikunja nguo. "Kazi inakufuata mpaka mlangoni, unaifungia. Unaringa?"

"Siringi, dada."

"Basi unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi ni uvivu, maana vyote vimeisha."

Akaona afadhali aitwe mvivu. Kila asubuhi alijifunga kilemba akaenda kutafuta kazi upande mwingine wa mji, ambako hakuna aliyenyolewa na shemeji yake. Kulikuwa na barabara ya mafundi, vyerehani vimepangwa barazani, na kila alikosimama aliulizwa swali lile lile: unashona nini? Akijibu mashati, anapewa kitambaa na mkasi. Mkasi ndio uliomtisha. Hajawahi kukata kitu kikubwa kuliko pembe ya kola. Kwa fundi wa kwanza aliaga kwenda kunywa maji, hakurudi. Wa pili alimtaka aje na cherehani yake mwenyewe, naye hana. Wa tatu alisema anatafuta kijana, akamtazama kuanzia miguu hadi kilemba ili kusudi maana isipotee.

Wiki zikaenda hivyo. Alifika mahali akawa anatoka nyumbani na kukaa tu kwenye benchi la kituo cha posta mpaka jua ligeuke, kisha anarudi na uso wa mtu aliyehangaika. Wanaotafuta kazi wataelewa. Kuna siku ambazo kazi pekee unayoiweza ni kuonekana unatafuta.

Ndipo msimamizi wake wa zamani alipopiga simu. Kiwanda kipya kimefunguliwa nje ya mji, amepata cheo huko, na watu wa kola ni adimu. "Kiti chako kipo, Kola. Jumatatu unaanza. Nimewaambia wewe hujaribiwi."

Nyumbani kulikuwa na shangwe. Dada yake aliimba jikoni. Shemeji alitangaza saluni kwamba kiwanda kizima kimeshindwa kuanza bila shemeji yake. Yeye mwenyewe alikwenda kukiona kiti. Kilikuwa kiti kizuri, chenye mto. Mbele yake cherehani mpya, kulia kapu jipya. Hapakuwa na mlango wa mpira. Sakafuni palikuwa na mstari wa rangi ya njano.

"Naweza kwenda kuona wanakomalizia?" akauliza.

"Ukaone nini?" msimamizi akacheka. Hakuwa mtu mbaya. "Mashati ni mashati, Kola. Kaa kwanza, jaribu mto."

Akakaa. Mto ulikuwa laini. Akajiona amekaa hapo mpaka nywele ziwe nyeupe, mstari wa njano ukifutika na kupakwa upya. Akashukuru, akasema Jumatatu, akatoka.

Alipofika barabara ya mafundi hakuwa na nia yoyote. Ila kwenye duka moja jembamba palibandikwa karatasi: Anatakiwa fundi. Ndani alikuwa mwanamke mdogo kwake kwa umri, mkanda wa kupimia shingoni, anayemtazama kila anayepita kana kwamba anampima. Mtaani walimwita Inchi.

"Karibu, dada. Kifua chako kimepungua karibuni, hiyo blauzi ilikuwa inakukaa vizuri zaidi. Unashona nini?"

"Mashati."

"Tangu lini?"

"Miaka mingi. Kiwandani."

Inchi akamtupia fungu la vipande vilivyokatwa tayari. Alipoona havihitaji mkasi, moyo ukarudi mahali pake. "Niunganishie hili. Mwenyewe anakuja kesho kujaribu. Jumamosi anaagwa kazini, kwa hiyo usinichezee. Mimi naenda kununua vifungo na uzi, nitachelewa."

Alianza na kola, bila shaka. Ilitoka safi kiasi kwamba aliiweka mezani akaiangalia kama mtu anayeangalia picha yake ya ujana. Kisha akachukua shati jingine lililokuwa limetundikwa, akawa analifuatisha mshono kwa mshono: hapa bega linakutana na bega, hapa mkono unaingia. Ilikwenda. Pole pole, lakini ilikwenda. Mpaka alipolaza kipande cha kushoto juu ya cha kulia, akakuta cha kushoto kimezidi begani kwa upana wa kidole. Na mgongo vile vile, upande mmoja umezidi.

Kiwandani tofauti kati ya kushoto na kulia ilikuwa na jina moja tu: kasoro. Ukiletewa vipande visivyolingana, unavisawazisha au unavirudisha, na anayevirudisha anachelewesha fungu. Akaona Inchi amekata kwa haraka. Akaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha kwamba yeye ni mtu makini. Akachukua mkasi ule uliokuwa ukimtisha barabara nzima na, kwa mkono usiotetemeka hata kidogo, akapunguza kushoto kukalingana na kulia. Akashona. Jioni shati lilikuwa limenyooka kama lililochorwa kwa rula.

Inchi alirudi duka linafungwa, akaligusa shati lililokunjwa, akaangalia kola, akaguna. "Kola hii nimeipenda," akasema. "Njoo kesho tumvishe."

Mwenye shati alikuwa mzee wa ghala, mtu wa vicheko, na alipovua koti kila kitu kikawa wazi. Bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, chini kabisa, kama mizani iliyowekewa jiwe.

"Msishangae, binti zangu," akasema. "Ujanani nilibeba magunia kwa bega hili hili, mpaka likaamua kubaki huko chini. Sasa nimekuwa mkubwa wa ghala, bega halijaambiwa."

Akavishwa. Kulia shati lililegea. Kushoto lilivuta, likapandisha pindo mpaka kiunoni, na kola, ile kola safi, ikakimbilia upande wa sikio. Mzee akajitazama kwenye kioo. Hakucheka.

"Hivi ndivyo nilivyo?" akauliza.

Inchi alipitisha kidole begani kwa shati, akakuta mshono mahali ambapo hakuupanga. Akageuka. "Nani amepunguza?"

"Mimi. Vilikuwa havilingani."

"Vilikuwa havilingani!" Inchi akapiga makofi. "Sikilizeni. Nimempima huyu mzee, nimekata kwa kumfuata bega, halafu anakuja mtu anamnyoosha! Dada, nani alikwambia watu wamenyooka?"

Miguu ya mwanamke ilishaujua mlango. Alikuwa amezoea: kwenda kunywa maji, kutorudi, na Jumatatu kuna kiti chenye mto ambako hakuna atakayemuuliza kitu. Lakini mzee alikuwa bado amesimama mbele ya kioo, mkono mmoja umeshika pindo anajaribu kulishusha, na kila akilishusha linapanda. Hakuweza kumwacha ndani ya lile shati.

"Sijui kushona shati," akasema. "Najua kola. Miaka yote ni kola tu. Nyumbani wananiita fundi, na mimi huwa nanyamaza. Hili ndilo shati langu la kwanza, na nimekuharibia, baba. Nisamehe."

Mzee akamtazama kupitia kioo. "Kola yenyewe nzuri," akasema kwa upole, akiitoa sikioni.

"Kola ni nzuri," Inchi akasema, bila upole. "Mimi jana niliangalia kola nikadhani nimeona shati zima. Huo ni ujinga wangu. Sasa kaa chini ufumue. Anza na kola."

"Kola?"

"Bega litafunguka vipi kola ikiwa juu yake?"

Mzee akalivua shati, naye akakaa akafumua. Hakuwahi kufumua kola yake hata moja, kiwandani zilikwenda na mkokoteni na hazikurudi. Wembe ulipokata mshono wa kwanza alihisi kama anajikata mwenyewe. Kwa wa kumi hakuhisi kitu. Inchi alitafuta kwenye kapu la mabaki, akapata ukanda wa kitambaa kile kile, akamwambia mzee alivae tena, asimame wima kama anavyosimama siku zote, asijitie ujana. Kisha akamwita yule mwanamke karibu.

"Weka mkono hapa. Sio kwenye kitambaa. Kwenye bega."

Akaweka. Lilikuwa la moto, mfupa wake umetokeza, na lilipanda na kushuka mzee alipovuta pumzi. Wakabandika vipande vya mabaki juu ya mabega yote mawili, kushoto kipana, kulia chembamba, kwa pini, huku mzee akilalamika kwamba amechomwa na hali hakuchomwa. Inchi alionyesha mara moja tu. Mwanamke akikosea, Inchi alimpiga kidole kwa mkanda wa kupimia. Walikwenda hivyo mpaka vipande vile vikakaa, vikashonwa na kola ikarudishwa, na ukitazama kwa haraka ulidhani ni mtindo. Shati likashuka mahali pake. Kola ikarudi katikati.

Mzee alijigeuza huku na huku. "Jumamosi watadhani nimebadilisha na mwili," akasema, akavaa koti juu yake akaondoka nalo vile vile, hakutaka hata lipigwe pasi.

Inchi alikuwa akiokota pini sakafuni. "Fundi simpati," akasema bila kuinua kichwa. "Nilitaka mtu wa kunipunguzia kazi, wewe utaniongezea. Nikikuchukua utafumua, utapiga pasi, na kola zote ni zako. Kukata utajifunza kwa magazeti. Hela ni kidogo, nakwambia mapema, kuliko huko kiwandani kwenu. Sikubembelezi."

"Naelewa, Fundi," akajibu. Ilikuwa ajabu kidogo kulisema neno hilo likimwendea mtu mwingine. Lilitoka kirahisi.

Jumapili, walipokuwa mezani, aliwaambia dada yake na shemeji yake. Aliyasema yote kwa mfululizo: kola, ule mlango wa mpira, majirani, benchi la posta, bega la mzee, na kwamba kesho haendi kiwandani. Dada yake aliweka kijiko.

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

"Na mimi nikakuita mvivu."

"Nilikuacha uniite."

Shemeji ndiye aliyeumia zaidi. "Sasa mimi saluni nitasema nini? Nimeshakushonesha mpaka suti za mawaziri!"

"Waambie shemeji yako ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi na umri huo? Watanicheka mpaka nikate mtu sikio."

Dada yake hakucheka. Alikuwa akifikiria kodi, na ilikuwa haki yake, kwa sababu mchango wa mdogo wake ulikuwa unalipa umeme na maji. Wakabishana, kwa sauti za chini kwanza, kisha sio za chini. Mwisho wakafika mahali: mwaka mmoja atachangia nusu, na nusu nyingine ataifidia kwa kufua mataulo na mashuka ya saluni, kazi ambayo shemeji alikuwa akimlipa mtu. Shemeji alikubali haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kisha yule mwanamke akampigia simu msimamizi. Msimamizi aliuliza huko watampa nini ambacho yeye hawezi kumpa. Alisema hajui bado, akamshukuru kwa kiti.

Ulikuwa mwaka mgumu, na sitaupamba. Alikata magazeti mpaka duka zima likawa halina habari za kusoma. Alikata suruali ya mtu yenye miguu miwili ya kushoto. Inchi alimfukuza mara kadhaa na kila mara alimwita kabla hajafika kona. Mikono ilinuka sabuni ya mataulo kila siku. Kuna majirani ambao hawakumsamehe, hasa watu wa kwaya. Lakini hakurudi kwenye benchi la posta, na mtu akimuuliza kazi yake alisema, "Najifunza kushona," na sentensi hiyo, alisema, ilimkaa bila kubana popote.

Niliingia pale dukani na mfuko wa koti uliochanika, siku ambayo alikuwa amepewa ruhusa ya kukata shati zima, kuanzia vipimo mpaka vifungo, bila Inchi kugusa. Mtu wa kupimwa alikuwa shemeji yake. Alikuwa amesimama katikati ya duka, kidevu juu, kifua mbele, tumbo limerudishwa ndani mpaka limekutana na uti wa mgongo, uso unaanza kubadilika rangi. Mwanamke alizungusha mkanda kiunoni kwake, akasoma, akauachia, akasubiri.

"Andika basi, shemeji," akasema kinyozi kwa sauti ya mtu aliye chini ya maji.

"Siandiki. Pumua kwanza."

"Napumua hivi hivi."

"Shemeji, pumua. Sishonei picha."

Inchi, kwenye cherehani yake, alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika. Kinyozi alivumilia kidogo tena, akatutazama sote kwa uchungu, kisha akaachia. Tumbo likarudi nje lote, karibu kwa kishindo, na mkanda ukapokea. Mwanamke akasoma kipimo, akakirudia kwa sauti ili akihakikishe, akakiandika, kisha akaanza kumpima mabega, moja baada ya jingine.